Tumfume Pweza Darasani

Mwanafunzi wa kidato cha pili katika shule ya Dodoma akitakiwa kumchora pweza, aghalabu huchora mpira, akautia macho mawili na mdomo unaotabasamu, kisha akaning'iniza mikia minane chini yake. Sisi walimu huipa michoro hiyo alama ndogo na kuendelea na somo. Lakini je, tuna haki ya kumlaumu mchoraji? Dodoma iko juu ya uwanda ulio mita zipatazo 1,100 kutoka usawa wa bahari, na safari ya kwenda Dar es Salaam ni kilomita zipatazo 450. Vijana wengi wa Bahi, Kongwa na Manyoni hawajapata kuyaona maji ya chumvi yakipwa na kujaa. Kwao pweza ni jina lililomo kitabuni, nao humkariri kama wanavyokariri majina ya milima ya mwezini.

Maoni yangu, ambayo najua yatawachekesha baadhi ya wasomaji, ni haya: kila shule ya sekondari ya uwanda wa kati yafaa imfume pweza mmoja kwa uzi mnene, na imfume katika vipindi vya Biolojia na Hisabati, si katika Sayansi Kimu peke yake. Simaanishi kwamba kikaragosi cha uzi kichukue nafasi ya mnyama mwenyewe. Namaanisha kwamba mkono unaokosea na kufumua hufundisha jambo ambalo jicho linalonakili ubaoni halilipati.

Kwa nini sita?

Vifaa vyetu ni vichache: sindano ya kulabu, ambayo wengi huiita sindano ya kroshia, na uzi. Ufundi wenyewe si mgeni hapa. Nyumba nyingi za mjini zina vitambaa vya makochi vilivyofumwa kwa sindano hiyo hiyo. Anayevifuma hujua kwamba kitambaa cha duara huanza na vitanzi 6. Duru ya pili huwa na vitanzi 12, ya tatu 18, ya nne 24, na kuendelea hivyo, kila duru ikizidi ile iliyotangulia kwa 6. Mwulize sababu, naye atakujibu kwamba ndivyo alivyofundishwa na mama yake; ukizidisha, kitambaa hujikunja, na ukipunguza, hugeuka kofia.

Jibu hilo ni sahihi, nalo ni mlango wa hesabu. Mzingo wa duara ni nusukipenyo mara 2π, yaani mara 6.28 hivi. Kila duru mpya huongeza nusukipenyo kwa kimo cha kitanzi kimoja. Ikiwa upana wa kitanzi unakaribia kulingana na kimo chake, basi mzingo hauna budi kuongezeka kwa vitanzi sita na ushei. Mfumaji hawezi kufuma ushei, kwa hiyo hufuma sita. Mama yule ameishika π vidoleni mwake miaka yote hiyo bila kuambiwa na mtu jina lake.

Sasa tulifume tufe, ambalo ndilo kiwiliwili cha pweza wetu. Ongeza kwa 6 mpaka ufike vitanzi 36 katika duru ya sita. Kisha fuma duru nyingine 6 bila kuongeza wala kupunguza. Halafu punguza: 30, 24, 18, 12, 6. Hizo ni duru 17, na kulifunga tundu la mwisho hutukaribisha kwenye 18. Kwa nini 18? Kwa sababu katika tufe, njia ya kutoka ncha moja hadi ncha ya pili ni nusu ya mzingo, na nusu ya 36 ni 18. Wanafunzi wajumlishe vitanzi vyote, watapata 432. Kisha wakokotoe eneo la uso wa tufe halisi lenye mzingo wa 36. Watapata 413 hivi. Tofauti haifiki asilimia 5. Mwanafunzi aliyeipata tofauti hiyo kwa mikono yake mwenyewe, kisha akaulizwa imetoka wapi, ameanza kufikiri kama mwanasayansi.

Faida ya uzi mnene

Nasisitiza uzi mnene kwa sababu mbili. Kwanza, vitanzi vyake huonekana na kuhesabika hata na mwanafunzi aketiye nyuma. Pili, unafundisha kanuni ambayo wengi huishindwa katika mtihani. Tuseme makundi mawili yanafuma pweza kwa hesabu ile ile ya vitanzi, kundi la pili likitumia uzi na sindano vyenye unene maradufu. Pweza wa pili atakuwa na kimo mara 2, eneo la uso mara 4, na atahitaji sufi ya kujaza mara 8. Hapo mwalimu wa Biolojia aweza kueleza kwa nini mnyama mdogo hupoteza joto upesi kuliko mnyama mkubwa, na kwa nini miguu ya tembo si miguu ya swala iliyokuzwa tu.

Uzi huo si lazima ununuliwe dukani. Fulana kuukuu ikikatwa mkanda mmoja mrefu wenye upana wa vidole viwili, mkanda ukivutwa hujikunja na kuwa uzi mnene ufaao kabisa. Nyuzi nyingi za madukani, ambazo huitwa sufu kwa mazoea, ni plastiki, na zikifuliwa huachia vinyuzi vidogo mno viingiavyo majini. Ingekuwa kichekesho kumsifu mnyama wa bahari kwa kuichafua bahari yake. Kwa kujazia, tutumie vipande vya nguo au sufi ya mito ya kulalia. Wanafunzi na watie sufi kidogo katika ndoo ya maji waone inavyoelea: nyuzi zake ni mirija mitupu yenye hewa ndani na nta nje, na ndiyo sababu zamani ilijazwa katika maboya ya kujiokolea baharini.

Pweza aliye kweli

Tufe likiisha kujazwa, ndipo Biolojia huanza, maana kila mfumaji hufika mahali pa kuuliza: mdomo niuweke wapi? Vikaragosi karibu vyote huwekewa tabasamu mbele, chini ya macho. Hilo ni kosa. Mdomo wa pweza uko upande wa chini, katikati ya minyiri yake minane, nao una domo gumu kama la kasuku. Kwa kuwa pweza hana mfupa hata mmoja, domo hilo ndilo linaloamua tundu gani ataweza kupenya. Kosa la pili ni kuliita tufe lile kichwa. Lile ni kiwiliwili, nalo limebeba moyo, matamvua na matumbo. Kichwa ni ile sehemu ndogo yenye macho, iliyo kati ya kiwiliwili na minyiri.

Nimesema moyo, lakini ana mioyo mitatu: miwili husukuma damu katika matamvua, na wa tatu huieneza mwilini. Damu yenyewe ina rangi ya buluu, kwa kuwa oksijeni hubebwa na hemosianini, yenye shaba, badala ya himoglobini, yenye chuma. Pweza wa kawaida ana seli za neva zipatazo milioni 500, na zaidi ya nusu yake zimo ndani ya minyiri, wala si katika ubongo. Kundi likishona mioyo mitatu ya kitambaa cha buluu na kuificha ndani ya tufe, sidhani kama mmoja wao ataisahau mpaka uzeeni. Na kundi litakalopenda kumfuma ngisi litajifunza kwamba yeye, zaidi ya minyiri minane, anayo mingine miwili mirefu ya kunasia windo.

Uso uliojikunja

Lipo pia somo la kidato cha tano na sita. Tulisema kwamba kuongeza 6 kila duru hutupa uso bapa, na kuongeza pungufu hutupa bakuli. Je, tukiongeza kupita kiasi? Tufume vitanzi viwili juu ya kila kitanzi kimoja: 6, 12, 24, 48. Katika duru ya kumi tutahitaji vitanzi 3,072, ilhali kitambaa bapa kingekuwa na 60 tu. Vitanzi hivyo havina mahali pa kukaa, kwa hiyo kazi yote hujikunja mawimbi kwa mawimbi, kama ukingo wa jani la saladi.

Uso huo uliwashughulisha wanahisabati kwa muda mrefu. Kati ya mwaka 1829 na 1832, Lobachevsky wa Urusi na Bolyai wa Hungaria, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha jiometri ambayo ndani yake nukta iliyo nje ya mstari huweza kupitiwa na mistari mingi isiyokutana na mstari huo, na ambayo pembe za pembetatu hazifiki nyuzi 180. Wengi walitilia shaka kama kitu cha namna hiyo chaweza kushikwa mkononi. Vielelezo vya karatasi vilikuwa vikichanika upesi. Mwaka 1997 Daina Taimina, mwanahisabati mzaliwa wa Latvia aliyekuwa katika Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alichukua sindano ya kulabu na uzi, akafuma uso huo, na wanafunzi wake wakaukunja na kuchora mistari juu yake. Chombo kilichotatua shida hiyo ndicho kile kile kifumiacho vitambaa vya makochi.

Kutoka hapo, mapacha Margaret na Christine Wertheim, waishio Los Angeles, walianza mwaka 2005 kufuma mwamba mzima wa matumbawe kwa njia hiyo, maana matumbawe ya aina kadhaa yana nyuso zilizojikunja vivyo hivyo. Mnyama ajipatiaye chakula kwa uso wake hufaidika kuwa na uso mwingi katika nafasi ndogo. Kazi yao ilikuwa pia kilio. Mwaka 1998 joto la bahari lilipozidi, matumbawe mengi ya magharibi ya Bahari ya Hindi, ya kwetu yakiwamo, yalipauka na mengi yakafa.

Yanatuhusu nini?

Atakuwapo msomaji atakayesema: hayo ni ya watu wa pwani. Naomba achukue ramani. Mto Kinyasungwe hukusanya maji ya mvua ya mashariki ya Dodoma, huyapeleka katika Mto Wami, na Wami humwaga katika Bahari ya Hindi karibu na Saadani. Udongo unaochukuliwa na mvua ya masika katika shamba lililolimwa vibaya umo njiani kuelekea huko, na matope ni adui wa matumbawe, kwa kuwa huyanyima mwanga. Pweza naye hujificha katika mashimo ya mwamba huo, ambako kina mama wa pwani humtafuta kwa vijiti maji yanapokupwa. Kwa hiyo kijana wa Kongwa anayepanda majani kuzuia mmomonyoko ana neno na pweza, ijapokuwa hawajaonana.

Wengine watasema kwamba muda hautoshi, na mitihani haiulizi kufuma. Ni kweli. Lakini mitihani huuliza mfuatano wa namba, eneo la tufe, uwiano wa eneo na ujazo, na mfumo wa damu. Tukivitumia vipindi viwili vilivyofuatana, pamoja na jioni chache za chama cha sayansi, tutakuwa tumeyagusa yote manne.

Pingamizi la mwisho ndilo zito zaidi: kwamba kufuma ni kazi ya wasichana. Waulizwe wavuvi wa pwani nani hufuma na kuziba nyavu zao. Hatari kubwa hapa haiwahusu wavulana. Msichana anayefuma jioni vitambaa vya kuuza, akahesabu mamia ya vitanzi bila kukosea, hurudi asubuhi darasani na kuambiwa kwamba hisabati si kipaji chake, naye akaamini. Tumemfundisha kutenga kile ajuacho na kile anachopimwa. Nia ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967 ilikuwa kuuondoa utengano wa namna hiyo kati ya mkono na akili, na bado kazi hiyo haijaisha.

Basi, walimu wenzangu, tuanze na pweza mmoja. Mfumaji aliye hodari kuliko wote darasani asimame mbele ashike kulabu, na mwalimu wa Hisabati akae kitako ahesabu. Na pweza akiisha kukamilika, mdomo wake tuutie chini, mahali unapostahili.