Wataalamu Wetu Wanasema na Nani?



Iko desturi moja ambayo imekaa nasi muda mrefu hata haitustaajabishi tena. Mtaalamu wa Kiswahili hualikwa katika mkutano wa Kiswahili. Husimama mbele ya walimu, watangazaji na watunzi, ambao wote riziki yao ni Kiswahili. Huwasalimu kwa Kiswahili kitamu, akatia na methali moja ya kuchangamsha baraza. Kisha hufunua karatasi zake, akasoma Kiingereza saa nzima. Mwisho husema "Ahsanteni", nasi hupiga makofi, tukatoka kwenda kunywa chai, na huko kwenye chai ndiko mmoja humwuliza mwenziwe kwa sauti ya chini: "Hivi bwana yule alisema nini?"

Nasema desturi hiyo ni aibu, na makala haya nayaandika kuipinga bila ya kumung'unya maneno.

Nisieleweke vibaya. Sina ugomvi na Kiingereza. Hapa kwetu Uganda ndicho kilichonisomesha, na mtu hatukani chungu alichopikiwa. Wala sisemi kwamba mwanachuoni asiwaandikie wenzake wa London au Wisconsin kwa lugha wanayoifahamu. Hoja yangu ni moja tu: mwenye kusema na watu wa kazi juu ya kazi yao, na aseme nao kwa lugha ya kazi hiyo. Asipofanya hivyo, basi hasemi nao, bali anasema mbele yao tu, na hayo ni mambo mawili mbalimbali.

Nitatoa mfano kutoka darasani kwangu, maana hoja isiyo na mfano ni mtungi usio na maji.

Miaka mingi nilifundisha wanafunzi ambao lugha yao ya mama ni Luganda. Waliandika "kalibu" badala ya "karibu", "habali" badala ya "habari", "mbere" badala ya "mbele". Na hata jina la somo lenyewe waliliandika "Kiswahiri". Nilisahihisha kwa wino mwekundu mpaka wino ukaisha. Niliwaita wazembe. Wako niliowapunguzia alama muhula baada ya muhula, na yuko mmoja, mtoto mwenye akili na bidii, aliyeniambia waziwazi kwamba anaacha somo hili kwa kuwa "r" na "l" zimemshinda. Nilimwachia aende zake.

Baadaye sana, tena si katika hotuba bali katika maongezi ya njiani, mwanaisimu mmoja alinieleza kwa Kiswahili chepesi jambo ambalo wataalamu wanalijua tangu zamani. Katika Luganda sauti hizo mbili hazishindani, zimegawana mahali. Ikitangulia irabu "i" au "e", hufuata "r". Penginepo huja "l". Basi mtoto yule hakuwa akibahatisha. Alikuwa akifuata kanuni ya lugha ya mama yake kwa uaminifu mkubwa! Ndiyo sababu "dirisha", "serikali", "kalamu" na "chakula" aliziandika sawasawa, maana hapo kanuni za lugha mbili zimekutana. Na "barua" ikawa "balua", na "shilingi" ikawa "shiringi", maana hapo zimeachana. Maelezo hayo hayakuchukua hata dakika tano. Tangu siku ile sikumwita mtoto mzembe tena kwa kosa hilo. Huandika ubaoni safu mbili za maneno, tukaitafuta kanuni pamoja, kisha tukajizoeza yale maneno yanayoivunja.

Sasa naomba tuulizane. Maarifa hayo yalikuwa wapi siku zote nilizokuwa nikimwaga wino? Yalikuwa vitabuni, yameandikwa kwa Kiingereza, kwa istilahi za kuwafaa waliokwisha kuyajua. Aliyeyahitaji hakuandikiwa. Na aliyelipa gharama si mimi wala yule mwanachuoni; ni mtoto aliyeliacha somo.

Na mambo ya namna hiyo ni mengi. Mwalimu aliyeko Masaka anaweza kufundisha ngeli kwa kulinganisha "mtu, watu" na "omuntu, abantu", au "kitu, vitu" na "ekintu, ebintu", na wanafunzi wakaona kuwa wamekaribishwa nyumbani kwao. Lakini mwenzake aliyeko Gulu anawafundisha Waacholi, ambao lugha yao haina ngeli za namna hiyo, na mlango huo kwake umefungwa. Sharti atafute mwingine. Nani amemwonyesha mlango huo kwa lugha ambayo yeye mwenyewe anaifundisha?

Wanaoitetea desturi hii wana nguzo tatu. Natazama moja moja.

Nguzo ya kwanza wanasema: Kiswahili hakina maneno ya kuchukua fikira za kitaalamu. Hoja hii ingalikuwa na nguvu kama historia ingalikuwa kimya, lakini haikunyamaza. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu cha sheria za kutunga mashairi, akaeleza vina na mizani kwa Kiswahili, na hakuna mshairi aliyelalamika kwamba hakufahamu. Mwaka 1971 Farouk Topan alihariri mkusanyo wa uchambuzi wa maandishi ya Kiswahili, kwa Kiswahili. Mwaka 1977 ikatoka historia ya lugha yetu iliyoandikwa na Shihabuddin Chiraghdin na Mathias Mnyampala, kwa Kiswahili. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ikatoa kamusi sanifu ya isimu na lugha. Na ule mgogoro mkubwa wa miaka ya 1970, baina ya waliotaka shairi lisilofungwa na vina na waliosema kwamba pasipo vina hapana shairi, je, haukupiganwa kwa Kiswahili? Watu waliteta hata wakakasirikiana, na kwa kuwa waliteta kwa lugha yetu, mwalimu wa kijijini naye aliweza kuchagua upande. Basi maneno yapo. Yasiyokuwapo huundwa kwa kutumiwa, wala hayaundwi kwa kuogopwa.

Nguzo ya pili wanasema: chuo hakimpandishi cheo mtu aliyeandika kwa Kiswahili, hutazamwa majarida ya ng'ambo. Hili ni kweli kwa wengi wao, nami sitawacheka kwa kutafuta mkate wa watoto wao. Lakini ukweli huo unaeleza sababu ya kuandika Kiingereza kwa ajili ya jarida la ng'ambo. Hauelezi kamwe sababu ya kusoma Kiingereza mbele ya walimu wa Kiswahili mjini Kampala! Mwenye duka la nguo huuza kanzu kwa mvaa kanzu na suti kwa mvaa suti. Akimvika kila mteja suti kwa kuwa suti ina faida zaidi, huyo si mfanyabiashara hodari. Ni mtu asiyewatazama wateja wake.

Marehemu Euphrase Kezilahabi, ambaye riwaya zake ni fahari ya Kiswahili, aliandika tasnifu yake ya udaktari ya mwaka 1985 kwa Kiingereza, katika chuo kikuu cha Wisconsin. Simlaumu; aliyesomea Marekani huwaandikia waliomtahini. Lakini tazameni matokeo. Wahakiki huirejea tasnifu ile wanapoeleza "Nagona" na "Mzingile", riwaya mbili ambazo msomaji wa kawaida huziona kama msitu mzito. Kufuli ikatengenezwa kwa Kiswahili, na ufunguo kwa Kiingereza. Kazi ya kuutafsiri na kuueleza ufunguo huo haikuwa ya Kezilahabi peke yake. Ni ya wahakiki waliobaki, na ndiyo hasa ninayowadai.

Nguzo ya tatu wanasema: mikutanoni wapo wageni. Ahlan wa sahlan kwa wageni! Mgeni aliyekuja kwenye karamu ya pilau hapikiwi viazi vitamu kwa kuogopwa. Wageni wengi wanaofika mikutanoni kwetu wamejifunza Kiswahili kwa taabu, wakasafiri kuja kukisikia, nasi tunawarudishia lugha waliyoiacha uwanja wa ndege.

Sasa nageukia upande wa pili wa sarafu, maana nisingependa mtu adhani kuwa kuandika Kiswahili peke yake kunatosha. Wako wanaoandika Kiswahili, nasi tukatamani wangaliandika Kiingereza! Sentensi moja hubeba istilahi saba, kila moja imezaliwa juzi na haikuelezwa, na ukilivua neno hilo vazi lake unakuta chini yake jambo jepesi ambalo bibi yangu angalilisema kwa maneno manne. Ujuzi ni kuileta fikira nzito mpaka ikamfikia msikilizaji ikiwa nzima. Mwenye kuificha ndani ya istilahi hakuwa mjuzi zaidi ya mwenye kuifunua.

Nasi wa nchi jirani tunalemewa maradufu, kwa kuwa twasoma vitabu vya Kenya kwa mkono mmoja na vya Tanzania kwa mkono wa pili. Huku ngeli ya watu huitwa A-WA, huku YU-A-WA, na mwanaisimu akija huzitaja kwa nambari. Huku mwanafunzi hufunzwa "tarakilishi", kule husikia "kompyuta". Anayetuandikia bila ya kusema yu katika mkondo gani anatuacha tuogelee wenyewe.

Ndugu zetu wa magazeti, redio na televisheni nao wanayo haki katika shauri hili. Mtangazaji humwalika daktari, mwanasheria au mchumi, akamwuliza kwa Kiswahili. Mgeni hujibu sentensi mbili, akakwama, akakimbilia Kiingereza. Na mtangazaji, badala ya kumwokoa kwa neno, humfuata huko huko. Msikilizaji aliyefungua redio apate kujua habari ya homa ya mtoto wake huachwa mlangoni. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilianza mwaka 1957, na tangu hapo imetangaza vita, uchaguzi na maradhi ya dunia kwa Kiswahili. Basi msamiati haukosekani. Linalokosekana ni maandalizi: mtaalamu na mtangazaji hawakai pamoja hata nusu saa kabla ya kipindi, wakakubaliana jambo hili litaitwaje. Na mwalimu wa Kiswahili, ambaye angaliweza kuwa mshenga baina yao, hakuitwa. Vivyo hivyo katika sanaa: mwongozaji hufanya mchezo wa Kiswahili, na mhakiki huuhakiki gazetini kwa Kiingereza, wala waigizaji hawapati kujua kama walisifiwa au walitukanwa.

Mtu atauliza, kwa nini kelele hizi sasa? Kwa sababu mambo yamebadilika, na udhuru umepungua. Katiba yetu iliporekebishwa mwaka 2005, Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Mwezi wa Novemba mwaka 2021 UNESCO ilitangaza tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Julai ya mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikubali kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na za sekondari. Maazimio tunayo ya kutosha. Lakini azimio halifundishi mtoto. Mtoto hufundishwa na mwalimu, na mwalimu hujengwa na maarifa, na maarifa yakikaa katika lugha ya pili kutoka kwake, azimio lote huning'inia hewani.

Tukumbuke pia kwamba kamati iliyosimamia usanifishaji wa Kiswahili, iliyoundwa mwaka 1930, iliwahi kuwa na makao yake Makerere, toka mwaka 1952 hata 1962. Mlima wetu ulikuwa nyumba ya kazi hii. Hatuombi sadaka, twadai urithi.

Kwa hiyo naleta madai manne, tena madogo. Kwanza, kila hotuba inayosomwa mbele ya chama cha walimu wa Kiswahili isomwe kwa Kiswahili, na asiyeweza aje na mfasiri. Pili, kila uchunguzi uliofanywa katika madarasa yetu, kwa kutumia wanafunzi wetu, urudishwe kwetu kwa muhtasari wa Kiswahili usiopungua kurasa mbili. Aliyechuma shambani kwa mtu hana budi kumwachia kikapu. Tatu, kila istilahi mpya ielezwe mara ya kwanza inapotajwa, kwa mfano. Nne, walimu na watangazaji wakutane, angalau mara moja kwa mwaka, kuafikiana juu ya maneno wanayoyagombania.

Na la mwisho latuhusu sisi wenyewe. Tumelalamika, lakini nani miongoni mwetu aliyewahi kuinua mkono akasema, "Bwana, tafadhali, sisi ni walimu wa Kiswahili, tuelezee kwa Kiswahili"? Tuliogopa kuonekana wajinga. Tukapiga makofi, na makofi yetu ndiyo yaliyoilea desturi hii ikakua.

Mimi nimekwisha kupiga makofi ya namna hiyo mara nyingi mno. Yule mtoto aliyeniacha kwa ajili ya "r" na "l" amenitosha kuwa funzo. Mkutano ujao, akisimama mtu kutusomea habari za Kiswahili kwa lugha nyingine, mimi nitainua mkono. Naomba nisiwe peke yangu.