Breki Nzito Haitengenezwi kwa Dua Peke Yake

Ukifika Murera, upande wa Ruiru, na Peugeot 504 yako kuukuu, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1975 na 1978, kisha breki ikawa ngumu kama jiwe, usiseme "Mola yupo" ukaendelea na safari. Zima injini, kanyaga pedali mara kadhaa, ishikilie, kisha washa. Ikizama kidogo, servo inafanya kazi. Isipozama, tazama kwanza mpira wa hewa utokao kwenye injini na vali yake, halafu servo yenyewe. Fundi anayebadilisha vipuri kabla ya kupima anakula fedha zako bure. Tawakali huja baada ya kumfunga ngamia, na roho za abiria ni amana.