Tembe Nalo ni Usanifu

Mwandishi aliyesifu mitaa ya Québec chini ya theluji, kisha akadai kwamba Tabora haina cha kutazamwa, amekosea. Mapaa ya Québec yameinuka sana ili theluji iporomoke. Tembe, nyumba ya jadi ya Unyamwezi, eneo ulipo mji wa Tabora, lina kuta nene za udongo ili jua la Oktoba libaki nje. Kote wajenzi wameijibu hali ya hewa yao kwa akili. Tabora pia ina historia ya kutazamwa. Zamani misafara kutoka pwani iliingia Unyamwezi kupitia Tura, ikaelekea Tabora. Jirani na mji huo, Kwihara, lipo tembe la kumbukumbu ya msafiri Livingstone, aliyekaa hapo na msafiri mwenzake Stanley mwaka 1872. Wakanada wa Québec wanautunza urithi wao. Nasi tuyakarabati matembe yetu kabla mvua hazijayabomoa.