Bangi ya Wahindi Siyo Hii Yetu

Nimepata kuyasikia maneno haya katika vibaraza vya Mombasa, na nilipokwenda Kisumu nikayasikia tena, kwa vijana wa Kiislamu waliokuwa wakibarizi baada ya sala ya alasiri: ati bangi haina ubaya wowote, maana Wahindi huinywa katika sikukuu zao, na matabibu wao huitoa kuwa dawa. Hoja hii imeenea, na kwa kuwa nusu yake ni kweli, haifai kuachwa ipite hivi hivi. Uongo mtupu hujifia wenyewe. Ule uliochanganywa na kweli ndio unaohitaji kuchujwa.

Tuanze na jina. Neno bangi asili yake ni Bara Hindi, ambako husemwa bhang, na Waajemi nao husema bang. Lilivuka bahari pamoja na nguo na viungo, likaingia katika Kiswahili zamani, kabla hata ya kufikiriwa reli, na likazidi kwenda bara mpaka kwa Washona wa kusini wanaosema mbanje. Wazee wetu wa pwani walijua pia majuni, tamutamu ya kulevya iliyotengenezwa kwa bangi au afyuni, na kamusi za Kiswahili zimelihifadhi neno hilo. Kwa hivyo mtu asidhani kwamba jambo hili ni la Wahindi peke yao na sisi tulikuwa watazamaji.

Lakini jina lilipovuka bahari lilipoteza mipaka yake. Huko kwao, mmea huu mmoja hutoa vitu vitatu vyenye majina matatu. Bhang ni majani, nayo aghalabu huliwa au hunywewa. Ganja ni vilele vya maua ya mti jike, navyo huvutwa. Charas ni utomvu wake, na huo ndio mkali kupita vyote. Sisi tumechukua jina la kile kilicho hafifu katika vitatu hivyo, tukalivika vyote. Kinachofungwa katika karatasi na kuvutwa vichochoroni, Kisumu na Mombasa, kwa Mhindi si bhang. Hiyo ni ganja.

Mzee mmoja wa Kigujarati, mwenye duka mjini Kisumu, nilipomuuliza habari hii alicheka sana. "Bwana," akaniambia, "jani tuliliacha Hindi. Hapa tunakunywa maziwa tu."

Maziwa aliyoyataja ni yale ya thandai, neno lenye maana ya kitu cha kupoza. Husagwa lozi, shamari, iliki, pilipili manga, mbegu za mkasumba na maua ya mawaridi, yakachanganywa na maziwa na sukari, kisha yakachujwa kwa kitambaa. Watu wengi huyanywa hivyo hivyo, bila ya jani lolote. Katika miji kama Banaras na Mathura, siku za Mahashivaratri na Holi, wapo wanaotia ndani yake tonge la majani ya bhang yaliyopondwa mpaka yakawa laini kama uji. Wafuasi wa Shiva huliona jani hilo kuwa ni lake. Hata miongoni mwa Masingasinga liko kundi la Nihang, mashujaa wao wa zamani, ambao wana kinywaji chao cha namna hiyo. Hiyo ni dini yao, na mimi si wa kuwahukumu. Ninachotaka msomaji akione ni kwamba kinywaji hicho kina siku zake na watu wake.

Maziwa hayatiwi kwa ladha tu. Kiini cha mmea huu kinacholevya hakiyeyuki katika maji, bali huyeyuka katika mafuta, na maziwa na samli ndivyo vinavyokibeba. Tena anywaye haoni kitu kwa nusu saa, pengine hata saa mbili, na kikimshika hakimwachi upesi. Ndiyo maana mgeni asiyejua huongeza kikombe cha pili akidhani cha kwanza hakikufanya kazi, kisha yakamkuta makubwa. Moshi hauna subira hiyo: dakika chache tu, kichwa kishabadilika.

Wahindi waliofika Kisumu wengi waliletwa na reli, iliyofika ziwani mwezi Desemba 1901, wakati mji ukiitwa Port Florence. Wengine walikuja kufanya biashara, na wengine wakalima miwa Kibos. Walijenga mahekalu na gurudwara, na Waislamu wakajenga Msikiti wa Jamia ulioanzia mwaka 1919. Hawakuuleta mmea huu, kwani ulikwisha kufika bara kabla yao. Waluo wanao wakiuita njaga, na ng'ambo ya ziwa Waganda husema enjaga. Leo hii, katika fuo za ziwa hilo, utaambiwa kwamba mvuvi huvuta ili ashinde baridi ya usiku, na magazeti hayaishi kutaja magunia yaliyokamatwa Migori yakitoka ng'ambo ya mpaka, upande wa Tarime. Hapo hapana Holi wala tabibu. Pana kijana aliyechoka, na mchuuzi anayetaka fedha yake.

Sasa tuje kwenye dawa, maana hapo ndipo hoja ya vijana ilipo na nguvu. Ni kweli kwamba matabibu wa Ayurveda, na wale wa tiba ya Kiyunani wanaofuata njia ya kina Ibn Sina, waliyatumia majani haya kwa tumbo, kwa kukosa usingizi, kwa maumivu na kwa kurejesha hamu ya chakula. Mwaka 1839 daktari wa Kizungu mjini Calcutta, William O'Shaughnessy, aliandika jinsi alivyoujaribu mmea huu kwa wagonjwa wa baridi yabisi, wa pepopunda na wa kipindupindu, na kwa mtoto mchanga mwenye degedege. Karibu miaka 180 baadaye, mwaka 2018, Marekani ilikubali dawa iliyotolewa katika mmea huu kwa aina mbili kali za kifafa cha watoto. Lakini angalia vizuri: kiini kilichomo katika dawa hiyo si kile kinacholevya. Kimetengwa, kikapimwa, kikatiwa chupani, na daktari huandika ni mililita ngapi asubuhi na ngapi jioni. Anayesema "bangi ni dawa" huku akiwasha msokoto amefanana na mtu aliyesikia kwamba sumu ya nyoka hutengenezewa dawa, akaenda kumshika nyoka mkiani.

Waingereza waliotawala Hindi walilichunguza jambo hili mapema. Mwaka 1893 waliunda tume iliyosikiliza mashahidi zaidi ya 1,000, na taarifa yake ikatoka mwaka 1894. Tume iliona kwamba matumizi ya kiasi hayakuwa na madhara makubwa, na kwamba kuipiga marufuku bhang hakukuwa na haja. Hata sheria ya Hindi ya mwaka 1985 ilizifunga ganja na charas, ikaliacha jani nje, na baadhi ya majimbo, kama Uttar Pradesh na Rajasthan, yakaendelea kuwa na maduka ya bhang yenye leseni. Maana yake ni kwamba wenye mila yao wenyewe hawakuchanganya jani na ua. Basi sisi tuna ruhusa gani ya kuchanganya?

Na kwetu Waislamu liko jambo la pili. Maulamaa walilijadili suala hili kwa marefu na mapana tangu hashishi ilipoenea Misri na Sham. Ibn Taymiyya aliiweka katika hukumu moja na mvinyo. Al-Qarafi alitofautisha kilevi na kinachoharibu akili, lakini hakuihalalisha. Az-Zarkashi, wa madhehebu yetu ya Shafi, aliiandikia risala nzima ya kuiharimisha. Walakini hao hao hawakuufunga mlango wa tiba. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliona inajuzu mtu kupewa dawa ya kumwondolea fahamu inapobidi akatwe mkono uliooza. Tazama basi hekima ya wanavyuoni: starehe imefungwa, dharura imefunguliwa, na mlangoni amesimama tabibu, si mchuuzi.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Wenye siasa wasitucheze. Katika uchaguzi wa mwaka 2022 George Wajackoyah aliinadi bangi kuwa biashara ya kulipia madeni ya nchi, akapata kura zisizofika 62,000. Katika kelele zote zile, mgonjwa wa kifafa na mwenye saratani hawakutajwa ila kwa nadra, na hao ndio wenye haki ya kuzungumziwa kwanza. Serikali na madaktari wetu walichunguze suala la dawa peke yake, mbali na ulevi na mbali na fedha.

Sheria nayo itazamwe. Ile ya mwaka 1994 ilimwekea miaka 10 ya kifungo hata aliyepatikana na bangi ya kuvuta mwenyewe, na ilipofika 2022 Bunge liliirekebisha. Kijana wa miaka 18 aliyekutwa na msokoto mmoja anahitaji mzazi, mwalimu na daktari. Akitupwa gerezani miaka kadhaa atafundishwa na wengine, na yale atakayofundishwa tunayajua.

Nanyi vijana, mkitaka kuvuta, msiwasingizie Wahindi. Wao wana jani lao, siku yao na mungu wao, na nyinyi hamna hata kimoja katika hivyo. Mlichonacho ni ua kali na ubongo ambao, kwa kauli ya madaktari, haukomai mpaka mtu akaribie miaka 25. Akili ni amana. Aliyeiharibu kwa jina la kuazima hatasikilizwa akisema kwamba jina lilikuwa la wengine.