Habu ya Gia Ikiteleza, Anza na Waya: Acheni Kuzichomelea

Leo naweka kando mbegu na mbolea, kwa sababu mazao yasiyofika sokoni ni hasara hata kama yamestawi vizuri. Wengi wetu tunayafikisha kwa baiskeli, na kuna jambo linafanyika kwenye vibanda vya mafundi ambalo lazima tulisemee.

Mtu ana Raleigh ya zamani, au baiskeli ya mtumba, yenye gia tatu ndani ya habu ya nyuma. Siku moja anaanza kukanyaga hewa: pedali inazunguka, gurudumu halisukumwi. Anakwenda kwa fundi. Fundi hajagusa hata waya, anatamka, "Gia zimeisha." Zinafuata tiba tatu: kujaza grisi, kuchomelea ili ibaki gia moja, au kung'oa habu na kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Nasema wazi: mara nyingi hapo unalipa pesa ili kitu kizima kiharibiwe.

Tuelewe kwanza inavyofanya kazi. Habu moja iliyoenea sana ni Sturmey-Archer AW, iliyoanza kutengenezwa Nottingham, Uingereza, mwaka 1936. Futa vumbi kwenye ganda lake. Mara nyingi utakuta herufi AW na tarakimu za mwaka. Gia ya 2 ni ya moja kwa moja: meno ya cheni yakizunguka mara moja, gurudumu nalo mara moja. Gia ya 3 inaongeza mwendo kwa theluthi. Gia ya 1 inapunguza kwa robo, na hiyo ndiyo ya kupandia mlima ukiwa na mzigo kwenye keria. Kinachochagua ni waya unaovuta mnyororo mdogo ulioingia ndani ya ekseli upande wa kulia. Waya ukilegea, uko gia ya 3. Ukivutwa kiasi, gia ya 2. Ukivutwa mpaka mwisho, gia ya 1.

Hapa ndipo penye siri. Kati ya gia ya 2 na ya 3 kuna nafasi ambayo hakuna gia inayoshika. Waya ukilegea kidogo tu, unaweka 2 lakini unaangukia kwenye nafasi hiyo. Na hili si usumbufu tu. Mtu aliyesimama juu ya pedali akipanda kilima na madumu ya maziwa, gia ikiachia ghafla, mguu unashuka na kifua kinakwenda kwenye usukani. Kwa hiyo usiendelee kuiendesha hivyohivyo ukisubiri msimu uishe.

Waya unalegeaje? Fundi anasogeza gurudumu mbele ili kurekebisha cheni, halafu hagusi waya wa gia. Au kile kibano kinachoshikilia ala ya waya kwenye fremu kinateleza. Yaani anayetangaza leo kwamba gia zimeisha anaweza kuwa yuleyule aliyerekebisha cheni juzi.

Fanya hivi kabla ya kumlipa mtu yeyote:

1. Angalia cheni na meno yake. Cheni iliyochakaa huruka, ukadhani ni habu.

2. Kaza kibano cha ala ya waya kwenye fremu. Waya uliochanika nyuzi au wenye kutu, badilisha.

3. Legeza waya kutoka kwenye mnyororo mdogo. Zungusha mnyororo kuingia ndani mpaka ukomee, kisha urudishe nyuma usiozidi nusu mzunguko ili uelekee kwenye waya vizuri. Funga waya tena.

4. Weka gia ya 2. Kwenye baiskeli za zamani imeandikwa N. Chungulia kwenye tundu la nati ya kulia. Pale mnyororo unapoungana na kijiti chake, pawe sawasawa na mwisho wa ekseli. Rekebisha kwa kile kirekebishio chenye nyuzi, kisha kaza nati yake ndogo.

5. Fungua kifuniko cha tundu la oili kwenye ganda, weka kijiko kimoja cha chai cha oili nyepesi. Si grisi! Ndani mna vimeno vidogo vinavyosukumwa na springi nyembamba mno. Grisi nzito ikivigandisha, havinyanyuki, na habu inateleza kwelikweli.

6. Jaribu gia zote ukiwa mahali tambarare, bila mzigo. Unapobadilisha gia, acha kukanyaga kwa sekunde moja.

Ikiwa waya uko sawa, oili imeingia, na bado gia moja inaruka, hapo ndipo kuna sababu ya kufungua, kwa sababu kuna kipande kilicholika.

Najua jibu la mafundi: "Spea hazipatikani, na gia moja haina usumbufu." Ni kweli spea ni shida. Lakini muundo wa AW ulidumu miongo mingi, na vipande vya habu moja mara nyingi vinaingia kwenye nyingine. Habu mbili mbovu zinaweza kutoa moja nzima. Kila unayoipeleka kwenye chuma chakavu ni spea ya jirani yako imepotea. Kama hazipatikani, nani anazimaliza?

Na usumbufu tuupime vizuri. Anayekaa kwenye kivuli cha kibanda haoni tofauti kati ya gia moja na tatu. Anayeiona ni mama anayeshuka na kusukuma baiskeli yenye mkungu wa ndizi kilima kizima, kwa sababu gia yake ya 1 ilichomelewa. Joto la kuchomelea halirudishwi nyuma. Waya hurekebishwa kwa vidole.

Fundi mzuri tunamheshimu na tunamlipa. Ila kuanzia leo, akisema gia zimeisha, mwambie kwa adabu: "Fundi, nionyeshe kwanza kwenye tundu la nati." Akishindwa kukuonyesha, chukua baiskeli yako.