Kindu–Zanzibar: kilomita 1,500 kwenye ramani, zaidi ya 4,000 kwa msafiri

Kutoka Kindu hadi Zanzibar, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita 1,500 na kidogo. Ndege ya jeti ingeumaliza mwendo huo kwa saa mbili hivi. Kindu na Kinshasa nazo zinatenganishwa na kilomita zipatazo 1,170. Tofauti ni kilomita 350 tu, lakini kwa mkaaji wa Maniema Kinshasa ni safari moja ya ndege, na Zanzibar ni kama ng'ambo ya dunia.

Sababu ni njia. Anayetaka kufika kisiwani kwa ndege huanza kwa kuelekea magharibi. Akifika Kinshasa, anapanda ndege ya Nairobi na kurudi mashariki kilomita 2,400, kisha anaongeza 600 hadi Unguja. Jumla ni karibu kilomita 4,200. Angani ni saa saba hivi. Kinachomaliza pesa ni siku za kulala Kinshasa akingojea ndege.

Kabla ya vita kufika Goma, palikuwa na mlango wa karibu. Goma iko kilomita 390 kutoka Kindu, na kutoka pale hadi Nairobi ni kama 850. Mwishoni mwa Januari 2025 M23 iliuteka mji na uwanja wa ndege ukafungwa. Februari ikauchukua pia uwanja wa Kavumu, karibu na Bukavu. Tarehe 30 Oktoba 2025, katika mkutano wa Paris, Rais Emmanuel Macron alitangaza kwamba uwanja wa Goma ungefunguliwa tena kwa ndege za misaada. M23 ilipinga. Hata hivyo, tangazo hilo halikumhusu msafiri wa kawaida wala mfanyabiashara mwenye mizigo.

Kwa nchi kavu, reli ya SNCC inatoka Kindu, inapita Kongolo na Kabalo, hadi Kalemie. Kutoka hapo kuna ziwa, Kigoma, reli ya Dar es Salaam, na boti ya saa mbili. Kwenye karatasi ni njia nzuri, ila treni ya Kindu haina ratiba ya kutegemea.

Katika karne ya 19, misafara ya Tippu Tip, mzaliwa wa Zanzibar, ilitembea miezi mingi kati ya Kasongo na pwani, ikipeleka pembe na watumwa. Ilikuwa njia ya mateso, na ndiyo iliyoleta Kiswahili Maniema. Lakini hata misafara hiyo haikuanza safari ya mashariki kwa kwenda magharibi.

Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Kutegemea ndege ya moja kwa moja kutoka Kindu hadi kisiwani ni ndoto: abiria hawatoshi, na safari ya kimataifa inadai uhamiaji, forodha na huduma za afya uwanjani. Kinachowezekana zaidi ni mlango mwingine wa mashariki ulio nje ya eneo la vita. Kisangani, yenye uwanja wa kimataifa wa Bangoka, iko kilomita 380 hivi kutoka Kindu. Safari ikipita pale na kwenda moja kwa moja Nairobi, jumla hadi Zanzibar ingekuwa karibu kilomita 2,300, sawa na nusu ya mzunguko wa Kinshasa na kidogo zaidi. Uamuzi huo uko mikononi mwa makampuni ya ndege na wakubwa wa usafiri wa anga Kinshasa, si wa Kindu.