Gego lililotibiwa mzizi lisiachwe bila kofia

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wanaotoka kliniki ya meno wakidhani kazi imekwisha kwa kuwa maumivu yamekoma. Gego lililotibiwa mzizi limeshapoteza sehemu kubwa kwa kuoza na kuchongwa. Kuta zilizobaki ni nyembamba, nazo ndizo zinazobeba nguvu yote ya kutafuna. Siku ukiuma mfupa, au punje ya bisi iliyogoma kupasuka, jino linaweza kupasuka hadi kwenye mzizi, na hapo mara nyingi hung'olewa.

Kofia ya jino hulifunika lote hadi karibu na ufizi na kuzishika kuta hizo pamoja. Ipo pia onlei, inayofunika upande wa kutafunia tu na kuokoa sehemu iliyo nzima isichongwe. Enameli ikishaondolewa haioti tena, kwa hiyo muulize daktari kama onlei inatosha.

Bei inauma, sikatai. Lakini zipo bima zinazolipia kung'oa bila swali, huku kofia zikiiita urembo! Urembo gani, kwa gego la nyuma lisiloonekana hata ukicheka? Gazeti lenu liwahoji wahusika juu ya hilo.

Msomaji wenu,
Dar es Salaam